Nyumba ya wageni Lamadi: Baba alipiga hesabu, mama akahesabu funguo

Picha zilikuwa sita. Ya kwanza ilionyesha nyumba ya bati jekundu yenye baraza refu, miembe miwili mbele yake na geti la chuma lililopakwa rangi mpya. Ya mwisho ilionyesha Ziwa Victoria likiwaka jua la jioni, na kipande cha ukuta pembeni ili mtazamaji asisahau kwamba ziwa na nyumba vinakwenda pamoja. Chini yake dalali aliandika: "Mwalimu, hapa ni dakika chache tu kutoka geti la Serengeti. Vyumba sita. Mwenye nyumba ana shida, anataka milioni 45. Watalii watalala hapa mpaka uwakimbie."

Mwalimu mwenyewe, mkazi wa Somanda mjini Bariadi, alikuwa amestaafu miezi mitatu kabla. Mkupuo wake ulikuwa umeshaingia benki, Sh38 milioni, na tangu siku hiyo simu yake haikupumzika. Mmoja alimletea habari za mashine ya kukoboa mpunga, mwingine bodaboda tano, mwingine ekari 20 za pamba huko Itilima. Zote alizikataa. Nyumba ya Lamadi hakuiweza. Juma zima aliziangalia zile picha, kwenye benchi la kinyozi, kanisani wakati wa matangazo, na usiku mkewe akiwa zamu ya hospitali. Siku ya nane alimtumia dalali Sh2 milioni "za kushikia". Siku ya tisa ndipo akamwambia mkewe.

"Umeshatoa hela, baba?"

"Ni za kushikia tu, mama. Kuna mtu wa Mwanza alikuwa anaitaka."

Mama hakupiga kelele. Ana miaka zaidi ya 20 katika uuguzi na amezoea kuuliza kwanza. Aliuliza mambo mawili: umeiona nyumba kwa macho yako? Na zile milioni saba zinazopungua zitatoka wapi?

Nyumba hakuwa ameiona. Milioni saba zingetoka benki. Angekopa 10, saba za kumalizia bei na tatu za vitanda, magodoro na mapazia. Dhamana ingekuwa nyumba hiyo hiyo waliyokuwa wamekaa ndani yake wakizungumza, na mtoto wa mwisho akifanya hesabu za kidato cha tatu chumba cha pili.

Ndoto ya mwalimu si ya kuchekwa. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, na tangu hapo mengi yamebadilika kwa anayetafuta mahali pa kuweka fedha. Barabara ya lami sasa inatoka Mwigumbi, inapita Maswa na Bariadi hadi Lamadi. Lamadi yenyewe, wilayani Busega, imekaa njia panda: huku Mwanza, huku Musoma, huku Bariadi, na ziwa mgongoni. Ukielekea Bunda kidogo tu unakutana na lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kuanzia karibu na Mei hadi Julai makundi ya nyumbu hupita ukanda huo wa magharibi na mto Grumeti. Mtu akikuonyesha ramani hiyo na picha ya baraza lenye miembe, moyo unakwenda.

Wala wazo lenyewe si la Usukumani peke yake. Ufaransa wanalo tangu miaka ya 1950. Baada ya vita vikuu vya pili vijana walikuwa wanahamia mijini, na nyumba za mawe za wakulima zikabaki tupu, mapaa yakibomoka. Ndipo wenye nyumba hizo wakaanza kuzikarabati na kuzipangisha kwa watu wa mijini wakati wa likizo. Nyumba ya namna hiyo wanaiita gîte, na shirikisho lao la Gîtes de France lilianzishwa mwaka 1955. Mkulima aliendelea kulima na ng'ombe aliendelea kukamuliwa, huku chumba cha ziada kikilipa. Siku hizi watu kutoka Uingereza, Uholanzi na kwingineko hununua nyumba hizo za mashambani wakiwa na hesabu ile ile ya mwalimu: tutaishi upande huu, wageni watalala upande ule, na wageni watatulipia nyumba.

Lakini huko kuna jambo ambalo mwalimu wa Bariadi hakuwa nalo. Mnunuzi wa nyumba ya kuishi nchini Ufaransa akishasaini mkataba wa awali hupewa siku 10 za kujifikiria. Ndani ya siku hizo anaweza kujitoa bila kueleza sababu, na fedha yake ya awali inarudi. Mauzo yenyewe hukamilishwa mbele ya mthibitishaji maalumu wa mikataba, ambaye huchunguza kwanza nyumba ni ya nani na ina deni gani. Lamadi hakuna siku 10. Fedha ikishaingia kwenye simu ya dalali, siku za kujifikiria ni zile zilizopita.

Kwa hiyo mama alitengeneza siku 10 zake mwenyewe. "Benki hatuendi wiki hii," alisema. "Jumamosi tunakwenda Lamadi, wote wawili, na tunalala huko."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo kuliko pengine hata mumewe alivyojua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inamtaka mkopeshaji ajiridhishe kama mwombaji ana mwenzi na kama mwenzi huyo amekubali. Bila saini ya mama, nyumba ya Somanda haiendi rehani. Ipo tabia mbaya ya baadhi ya wanaume kumpelekea mke fomu ya benki usiku, kalamu ikiwa imeshafunguliwa, na kumwambia "saini hapa na hapa." Mke aliyesaini namna hiyo hugundua maana ya saini yake siku bango la mnada linapobandikwa ukutani. Na wapo wanawake pia wafanyao hivyo kwa waume zao, hasa kwenye mikopo ya vikundi.

Tatizo ni kwamba mkupuo hauna ulinzi huo. Fedha taslimu ya mstaafu iko kwenye akaunti yake, na hakuna karani atakayemwuliza mkewe kabla ya kuitoa. Ndiyo maana zile milioni mbili zilitoka kimya kimya.

Walifika Lamadi saa nne asubuhi. Nyumba ilikuwepo, na hilo si jambo dogo, maana wapo waliofika wakakuta pori. Bati lilikuwa jekundu upande wa mbele, upande wa nyuma lilikuwa limeshika kutu. Vyumba sita vilikuwepo, vitano bila choo cha ndani. Choo kilikuwa kimoja, cha shimo, uani. Bomba lilikuwepo lakini halikutoa maji. Jirani, bibi mmoja aliyekuwa akianika dagaa, aliitikia "mwangaluka" yao na kuwaeleza bila kuulizwa kwamba maji ya nyumba ile huchotwa kwa mkokoteni.

Mwenye nyumba alikuwa kijana wa miaka 30 hivi, mwenye adabu, na kweli alikuwa na shida: mtoto wake mgonjwa alihitaji matibabu Mwanza. Mwalimu alitaka kuhurumia. Mama alihurumia pia, akamwuliza habari za mtoto kwa undani, anatumia dawa gani, ana uzito gani. Kisha akauliza nyumba aliipataje.

"Ni ya mzee wetu. Alifariki miaka minne iliyopita."

"Pole sana, mwanangu. Mko wangapi?"

Walikuwa watano. Wawili Lamadi, mmoja Geita, mmoja Dar es Salaam, na dada yao mkubwa ameolewa Magu. Mirathi haikuwahi kufunguliwa. Kijana alikuwa na karatasi ya mauziano ambayo baba yake aliandikiana na aliyemwuzia kiwanja, ikiwa na muhuri wa serikali ya kijiji, na aliiamini karatasi hiyo kama mtu anavyoiamini hati. Hakuwa tapeli. Ni mtoto wa marehemu anayedhani kwamba aliyebaki nyumbani ndiye mwenye nyumba.

Hapa wanunuzi wengi hupotea, na hupotea kwa watu wema zaidi kuliko kwa matapeli. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, akiwa na barua ya uteuzi. Kwa familia nyingi za kawaida mahali pa kuanzia ni Mahakama ya Mwanzo, baada ya kikao cha ukoo kupendekeza jina. Bila hatua hiyo, ndugu wa Geita anaweza kuja mwaka wa tatu, wakati vitanda vimeshanunuliwa na geti limeshapakwa rangi ya pili, akasema hakushirikishwa. Naye atakuwa anasema kweli. Na kama muuzaji ana mke, swali la ridhaa linamhusu yeye pia.

Karatasi ya kijiji nayo ina mipaka yake. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mtu wa nje anayetaka kununua haki ya mwanakijiji anahitaji ikubaliwe na halmashauri hiyo. Muhuri wa mwenyekiti peke yake, uliogongwa jioni kwenye kibaraza chake, si kikao. Mnunuzi anapaswa kuuliza kama eneo lina hatimiliki ya kimila au limepimwa na kupewa hati ya kawaida, na kama halina chochote, bei iendane na hali hiyo. Asiye raia wa Tanzania asidhani kwamba anaweza kumiliki ardhi kwa njia hii; aulize kwanza sheria inasemaje kumhusu. Hilo liwakumbushe ndugu walioko ughaibuni waliokwisha kuchukua uraia wa huko na wanaotuma fedha kwa kaka zao "nunua kwa jina langu."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi na ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Busega, kule Nyashimo, ilikuwa imefungwa. Mwalimu alirudi Jumatatu peke yake, kwa utashi wake, jambo ambalo mkewe alilihesabu kama ushindi. Huko aliuliza maswali mawili ambayo dalali hakuwahi kuyagusa.

La kwanza lilikuwa umbali wa nyumba kutoka majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Picha ya sita, ile yenye ziwa na pembe ya ukuta, ilikuwa imepigwa kwa fahari. Lakini kadiri ziwa linavyoonekana karibu kwenye picha, ndivyo mnunuzi anavyopaswa kubeba futi kamba. Kwa hatua za mwalimu, ukuta wa nyuma ulikuwa kama mita 70, ila choo na eneo ambalo dalali alisema "hapa utajenga vibanda vya kupumzikia watalii" vilikuwa ndani kabisa ya zile 60.

La pili ni mipango ya serikali kuhusu eneo. Hifadhi ni jirani mzuri na pia ni jirani mkubwa. Upande wa pili tu wa mpaka wa mkoa, katika kata ya Nyatwali wilayani Bunda, wakazi wametakiwa katika miaka hii ya karibuni kupokea fidia na kuondoka ili kupisha wanyama wa Serengeti wafike Ziwa Victoria. Hiyo haina maana kwamba Lamadi itahamishwa. Maana yake ni kwamba anayeweka mafao yake karibu na hifadhi aulize kwa ofisa ardhi, apate jibu la maandishi, na asitosheke na "hapa hapaguswi" ya dalali. Na asisahau tembo. Wakulima wa vijiji vya Busega, Bariadi, Itilima na Meatu vinavyopakana na hifadhi wanajua kwamba yule mnyama anayepigwa picha mchana huweza kumaliza shamba la mahindi usiku mmoja.

Turudi kwenye usiku wa Jumamosi, kwa sababu ndipo hesabu ilipofanyika.

Walipanga chumba kwenye gesti moja ya barabarani. Mhudumu aliwapa daftari la wageni wajaze: jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, saini. Mwalimu alijaza. Mama akawa anatazama ubao wa funguo nyuma ya mhudumu. Ulikuwa na misumari 14. Saa mbili usiku funguo tisa zilikuwa bado zinaning'inia. Alitoka tena saa nne kama anayeomba maji ya kunywa, zilikuwa nane. Asubuhi alfajiri alipitisha macho kwenye daftari, kurasa zile alizoweza kuona wakati akisubiri risiti. Dereva, Kahama. Mfanyabiashara, Sirari. Dereva. Mhasibu, Mwanza. Mwanafunzi. Msibani, Ramadi, aliyeandika alikuwa amekosea tahajia. Hapakuwa na mtalii.

"Watalii wanalala wapi, binti yangu?" alimwuliza mhudumu.

"Wanapita tu, mama. Magari yanatoka Mwanza asubuhi, yanaingia porini, wanalala huko huko ndani."

Jibu hilo lilitosha kuliko ramani yote. Wageni wengi wa Serengeti huingia kutoka upande wa Arusha, wakipitia Ngorongoro, au hushuka kwa ndege ndogo katikati ya hifadhi. Wanaopita Ndabaka wapo, na zipo hoteli na kambi zilizowatangulia kwenye ukanda huo, zenye maji ya moto, magari na watu wa kupokea simu za nje. Wakati wa mvua udongo mweusi wa mbuga hunata na safari hupungua. Kuwapokea kibiashara kunahitaji pia kusajiliwa na kuwa na leseni ya biashara ya utalii ya wizara, ile watu wanayoiita TALA, juu ya leseni ya halmashauri. Haiwezekani? Inawezekana, kwa mwenye mtaji wa kusubiri na lugha ya kuwapokea. Kwa mstaafu mwenye mkopo unaoanza kukatwa mwezi ujao, miezi mitatu ya nyumbu haitoshi kulipa miezi 12 ya benki.

Kwenye basi la kurudi Bariadi, mama alitoa karatasi ya nyuma ya kalenda ya hospitali. Dalali alikuwa amewaambia: vyumba sita, Sh20,000 kwa usiku, siku 30, ni Sh3.6 milioni kwa mwezi. Hesabu ni sahihi kabisa, ila inafaa kwa nyumba ambayo haikosi mgeni hata usiku mmoja. Gesti waliyolala haikufika nusu Jumamosi. Mama akaweka theluthi: usiku 60 wa vyumba kwa mwezi badala ya 180. Inakuwa Sh1.2 milioni.

Kisha akaanza kutoa. Dada wa kufua na kusafisha, 200,000. Mlinzi, 150,000. Umeme na maji ya mkokoteni, 130,000. Sabuni, karatasi za chooni, dawa ya mbu, 80,000. Kodi, leseni na ushuru wa nyumba za kulala wageni, vikigawanywa kwa miezi, 150,000. Bomba, kitasa, shuka lililochanwa, 90,000. Jumla laki nane. Zinabaki laki nne, kabla ya rejesho la benki. Kwa laki nne kwa mwezi, Sh45 milioni zinarudi baada ya miaka tisa na zaidi, na hapo choo kimoja hakijageuzwa kuwa sita. Hizo ni namba za mama, za nyumba ile. Kila familia iandike za kwake. Lakini iandike na mistari ya kutoa, ambayo dalali huwa hana kalamu yake.

Mwalimu aliisoma karatasi kutoka Lamadi hadi karibu na Bariadi. "Umesahau mapato ya soda," alisema.

"Na wewe umesahau nani atauza hizo soda."

Hapo ndipo palipokuwa na jiwe lenyewe. Mpango wa mwalimu, ambao hakuwa ameusema kwa sauti, ulikuwa kwamba binti yao wa kidato cha tatu angekuwa anakwenda Lamadi wikiendi na likizo "kumsaidia baba." Kijana wao mkubwa, anayesoma chuo Mwanza, angesimamia fedha. Karibu kila biashara ya nyumba za wageni ya kifamilia huanza hivyo, kwa watoto ambao hawajaulizwa. Nyumba ya wageni si duka la mangi. Ni mahali ambapo watu wasiojulikana hulala, wengine na wake zao na wengine la, wengine wakiwa wamelewa, na kazi yake kubwa hufanyika usiku na alfajiri. Binti wa miaka 16 anayegonga mlango wa chumba namba nne kupeleka maji ya kuoga hayuko salama, hata kama mwenye gesti ni baba yake na yuko barazani anasoma gazeti. Baba hatasikia kila kitu. Na mtoto anayetandika vitanda sita kabla ya kusoma hajapumzika likizo, amehamishwa zamu tu.

Mama aliyaona hayo kwa sababu amefanya kazi wodini. Alisema kwa kifupi, wakiwa wanashuka stendi: "Mtoto wangu hatafua shuka za watu, baba. Hilo hatulijadili." Na kweli halikujadiliwa tena.

Kurudisha zile milioni mbili kulichukua wiki saba. Dalali alisema kwanza kwamba fedha ya kushikia hairudi. Kisha akasema ameshampa mwenye nyumba. Mwenye nyumba, kwa heshima yake, alikiri amepokea milioni moja na laki mbili na zilishakwenda hospitalini. Hapakuwa na maandishi zaidi ya meseji za simu. Mwalimu, ambaye amewafundisha watoto wa watu kuandika barua rasmi kwa miaka 34, hakuwa ameandika hata mstari mmoja. Sheria inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, na karatasi ndogo yenye kusema "fedha hii itarudishwa ikiwa nyaraka hazitakamilika ndani ya siku kadhaa," ikisainiwa na mashahidi wa pande mbili, ingemwokoa. Mwishowe, mbele ya mtendaji, dalali alirudisha laki nane zake kwa mafungu mawili. Zile za mtoto mgonjwa mama alisema ziachwe mpaka atakapopona. Mwalimu alikubali, ingawa siku mbili hakula vizuri.

Ajabu ni kwamba hawakuacha wazo. Walilihamisha. Mjini Bariadi, makao makuu ya mkoa, kuna mgeni wa aina nyingine ambaye hana miwani ya jua wala kamera: mkaguzi aliyekuja wiki mbili, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, mnunuzi wa pamba msimu ukifunguliwa, fundi wa mradi, familia inayokuja kumwuguza mgonjwa. Maonesho ya kitaifa ya Nane Nane yalipofanyika viwanja vya Nyakabindi mwaka 2018 na miaka iliyofuata, walikuja watu wa kila mkoa, na wote walihitaji pa kulala. Maonesho yamehamia kwingine. Ofisi na hospitali zimebaki. Mgeni huyo hataki ziwa. Anataka choo ndani, maji, geti linalofungwa, na pa kuegesha pikipiki.

Nyuma ya nyumba ya Somanda kulikuwa na nafasi ya banda la kuku lililokwisha kufa. Wamejenga vyumba viwili vyenye choo na jiko dogo, mlango wake ukifungukia uchochoroni, si uani kwa watoto. Hilo la mlango lilizua ubishi wa siku tatu na fundi, aliyetaka kuokoa tofali. Vimegharimu chini kidogo ya Sh15 milioni, hakuna rehani, na sehemu kubwa ya mkupuo iko benki kwenye akaunti inayohitaji saini mbili. Kimoja amepanga mtaalamu wa maabara kwa mwezi. Kingine hupangishwa kwa siku au kwa wiki, na mwezi uliopita kilikaa tupu siku 19. Mama ameziandika zote 19 kwenye ile kalenda ya hospitali.

Mwalimu anafurahia zaidi kile cha kupangisha kwa siku. Amekinunulia daftari la wageni, jekundu, lenye safu za jina, kabila, unakotoka na unakokwenda. Na kila anapopanda basi la kwenda Mwanza, likisimama Lamadi abiria wanunue samaki, yeye hushuka, huingia kwenye ile gesti ya barabarani kama anayeomba maji, na hurudi kwenye kiti chake.

"Ngapi?" mkewe humwuliza kwenye simu.

"Kumi," hujibu. Wakati mwingine kumi na moja. Mwezi wa saba mwaka jana zilikuwa tatu tu zilizoning'inia, na mwalimu alikaa kimya mpaka Magu.